Tanga la Kuazima

Nilikwenda Kizingitini na futi ya chuma, daftari na msumeno. Msumeno niliufunga ndani ya gunia nikausukuma chini ya kiti cha boti, maana sikutaka watu wa kwetu wauone kabla sijawasalimia.

Mimi ni seremala. Karakana yangu iko Mombasa, na kwa miaka tisa kilichonilisha ni meza, vitanda na fremu za vioo nilizounda kwa mbao za vyombo vilivyokufa. Wenye hoteli wanazipenda mno mbao hizo. Wanapenda matundu ya misumari na doa jeusi la kutu linalozunguka kila tundu. Wanapenda rangi ya buluu iliyobakia nyufani. Mimi nazipenda kwa sababu nyingine: ubao wa mbambakofi uliokaa baharini miaka 40 umeshamaliza kupinda kwake kote. Ukiupiga randa unatoa wekundu wa tende mbivu. Nimenunua vyombo Takaungu, Gazi na Vanga, nikavipasua kwa mkono wangu. Jina la hata kimoja silikumbuki, wala sikuwahi kuuliza.

Basi mjomba aliponipigia simu kuniambia jahazi la babu liko matopeni linaozea huko, nilijua ananiitia nini. "Mbao chukua wewe," alisema. "Utatupa chochote utakachoona ni haki." Tukakubaliana shilingi 180,000. Mama alizaliwa Kizingitini akaondoka akiwa msichana; mimi nilikuwa sijawahi kufika. Nilipanda basi mpaka Mokowe, nikavuka kwenda Amu, nikalala usiku mmoja, na asubuhi yake nikapanda boti ya abiria inayopita Mkanda, ikashusha watu Mtangawanda, ikashusha wengine Faza, na mwisho ikatufikisha Kizingitini, upande wa mashariki wa kisiwa cha Pate, mahali ambapo nyumba zimesogeleana na kila uchochoro unaishia baharini.

Chombo kilikuwa kimelala ubavu wa kushoto pembeni mwa mikoko. Kitu cha kwanza nilichokiona ni omo, ile ncha ya mbele inayopasua maji. Majahazi ya Unguja omo wake hulalia mbele, ukiyatazama ni kama yanaiinamia bahari. Haya ya Amu omo husimama wima kama nguzo ya mlango. Kila upande wa omo huwekwa jicho, ubao wa duara uliochorwa, na watu wa huku huyaita mato. Jicho la kushoto lilikuwepo, limezama nusu topeni. La kulia lilikuwa limeng'oka, pamebaki misumari miwili tu.

Jahazi lilishuliwa Matondoni, kisiwani Amu, mwaka 1968. Babu alipakia boriti kutoka mikokoni, akazipeleka Mombasa. Enzi hizo majahazi makubwa ya Arabuni na Ghuba nayo yalikuwa yakija Amu na upepo wa kaskazi kununua boriti za kujengea nyumba kwao, nchi zisizo na miti. Mwaka 1982 serikali ya Kenya ikapiga marufuku kuuza boriti nje, na biashara ile ikanywea. Babu akageukia mawe ya kujengea yanayochongwa Maweni, kisiwani Manda, kisha chokaa, kisha makuti. Alipofariki, chombo kilipwelewa hapo mikokoni. Miaka 11 hakuna aliyekigusa. Nyumbani hakikuitwa kwa jina lililoandikwa shetrini. Kiliitwa "chombo" tu, kana kwamba hakuna kingine baharini.

Nilipima: futi 42 kutoka omo hadi shetri. Nikaandika. Nikachomeka kisu kwenye mbao za juu, kikazama kama kwenye papai. Nikachomeka chini, karibu na mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, kikagoma. Nikaandika. Kisha nikaingia ndani, na hapo ndipo mkono ulipolegea.

Sikuwahi kuyatazama mataruma. Miaka tisa yote nikipasua vyombo, mbao za ubavuni ndizo nilizozitoa kwa uangalifu, moja moja, msumari kwa msumari. Mataruma, ile mifupa iliyopinda inayozishika mbao zisiachane, niliyakata vipande nikawapa wapishi wa jirani wafanyie kuni. Meza haina haja ya mti uliopinda. Sasa nimeketi ndani ya chombo cha babu, jua linaingia kwenye nyufa, nikaona kwamba kila taruma ni tawi la mlilana lililoota likiwa na kombo lile lile. Halikukunjwa kwa moto wala kwa maji. Mtu aliingia mikokoni akitafuta mti uliokwisha kupinda kama ubavu wa chombo unavyotaka, akautafuta tena kwa ajili ya upande wa pili, na akafanya hivyo mara 34. Nilihesabu. Na juu ya mojawapo, karibu na mlingoti, palikuwa na safu za chale za kisu. Mjomba alinieleza baadaye: boriti huhesabiwa kwa korija, ishirini ishirini, na kila korija moja iliyoingia chomboni babu alikata chale moja.

Sikukata kitu siku ile. Nilimwambia mjomba sitaki mbao, nataka chombo. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Kama hukati, basi usikiache hapa." Hakusema zaidi. Nilimlipa zile shilingi 180,000 zilezile.

Fundi alikuja siku ya tatu kutoka Matondoni, mzee mwembamba aliyevaa kikoi na kofia iliyofifia, tezo begani. Watu wa Matondoni wanaunda vyombo bila ramani ya karatasi. Kipimo kiko machoni na mkononi. Aliamkuana na kila mtu kwanza, akanywa kahawa, akauliza habari za wagonjwa wa mtaani, ndipo akakiendea chombo. Alikizunguka mara mbili. Alikigonga kwa mpini wa tezo, akisogeza sikio, akigonga tena. Mimi nilikuwa na daftari tayari, nikisubiri hesabu ya mbao na misumari.

"Sina la kusema," aliniambia, "mpaka nikisikie kinakwenda."

Nikamuuliza kitakwendaje hali kiko vile. Nikapendekeza kivutwe na boti ya mashine mpaka Matondoni, tukipandishe pwani, akikague akiwa ametulia. Akatikisa kichwa.

"Mtu aliyelala kitandani hakuonyeshi mguu unaochechemea, mwanangu. Hapa kila ubao umepumzika. Ukifunga kamba ukavuta, nguvu yote inakwenda omoni, mahali pamoja, nao umechoka. Utabaki na kamba na omo, chombo kimebaki nyuma. Tanga huvuta kwa mlingoti, mlingoti humwambia mkuku, mkuku huwaambia mataruma wote. Nataka kuwasikia wakiambiana."

Hapo nilielewa kuwa safari ya tanga mpaka Matondoni ndiyo ukaguzi wenyewe. Tulikuwa na siku sita kabla ya bamvua, maji makubwa ambayo yangekiinua chombo.

Siku hizo sita nilifanya kazi kuliko nilivyowahi kufanya karakanani. Mbao zilizokaukia juani husinyaa na kuachana, na dawa yake ya kwanza ni maji. Kila maji yakijaa tuliyaacha yaingie, kila yakipwa tuliyaacha yatoke, mbao zinywe zivimbe zibanane. Tulichimba tope kuzunguka mkuku. Kisha kalafati: pamba inasokotwa, inalowekwa kwenye sifa, yaani mafuta ya papa ambayo harufu yake sasa haitoki kwenye shati langu, halafu inasukumwa kwenye ufa kwa chembeu na nyundo. Nilidhani ni kazi ya nguvu. Fundi alinishika kiwiko. Ukiisukuma pamba kwa pupa inapenya upande wa pili na ufa unabaki mtupu. Ukiiweka juu juu, bahari inaichomoa kama meno ya maziwa. Unasikiliza mlio wa nyundo. Mlio ukiwa mzito, tosha. Palipokuwa pamelainika mno tulipiga viraka vya bati juu ya pamba na shahamu. "Hii si kazi," fundi alinihakikishia. "Hii ni bendeji tu."

Mlingoti ulikuwa mzima. Foromali, mti unaolibeba tanga, ilikuwa imevunjika katikati, tukaiunga kwa kipande cha boriti na kamba. Tanga hatukuwa nalo. Nahodha mmoja wa Kizingitini, aliyewahi kuwa baharia wa babu akiwa kijana, akatuazima la mashua yake. Lilikuwa dogo kwa jahazi la futi 42. Fundi alipoliona alifurahi. Chombo kigonjwa, alisema, hakipewi tanga la chombo kizima. Nahodha akasema tanga lake haliendi bila yeye. Kwa hiyo tukawa na nahodha pia, na vijana wanne wa kwao.

Usiku wa mwezi 16, saa kumi kasoro robo, maji yalifika mahali ambapo mjomba alikuwa amechomeka kijiti. Bamvua la huku huinua bahari zaidi ya mita 3, na nusu ya mtaa ilikuwa imetoka kuja kuliona likimwinua babu, maana ndivyo walivyosema: babu anaondoka. Tulisoma Fatiha. Wanaume 20 hivi waliweka mabega ubavuni. Mwanzo hapakuwa na kitu, mabega na mbao na pumzi za watu tu. Kisha nikahisi chini ya kiganja changu kitu kikiacha kuwa kizito. Hakikusogea mbele, kilijinyanyua tu, kidogo, kama mtu anayeamka na kukaa kitandani. Chombo kilinyooka. Mtu mmoja nyuma yangu akaanza kulia kwa sauti, nami sikugeuka kumtazama, nikamwachia.

Tulitweka tanga kabla ya alfajiri. Mjomba alitufuata nyuma kwa boti ya mashine, mbali kidogo, kama tulivyoagana.

Nilifikiri nitakaa juu nione bahari. Fundi aliniita ngamani, chini kabisa ndani ya chombo. Huko ndiko nilikosafiria karibu njia nzima, magoti majini, na upo mkononi, nikifua maji kwa zamu na kijana mmoja, wakati fundi anajivuta kutoka taruma hadi taruma na tochi kinywani na kipande cha kaa mkononi. Kila palipovuja alichora alama. Mara kwa mara alinishika mkono akauweka juu ya taruma. "Msikilize huyu." Ubao uliposukumwa na wimbi, taruma liliitikia, likatetemeka pamoja nao. "Yu hai." Akanisogeza. Hapa ubao ulisogea kwa kiasi cha unene wa kucha, taruma likakaa kimya. "Huyu amekufa. Misumari imemwacha." Akachora msalaba.

Nimegusa mbao maisha yangu yote. Sikujua kuwa zinaweza kusomwa hivyo, gizani, kwa kiganja, zikiwa kazini. Seremala wa meza huutaka ubao utulie. Fundi wa vyombo huutaka usogee, ila usogee na wenzake.

Jua lilichomoza tukiipita Faza. Nahodha aliniita nipande nipate chai na mkate wa mofa, nikaona mara ya kwanza tulivyo: tanga dogo lililojaa vizuri, omo uliosimama wima ukiyapasua maji bila haraka, na kivuli chetu kirefu mbele yetu. Kaskazi ulivuma kutoka kulia na nyuma, chombo kikilalia kushoto. Maji yaliyoingia yalikuwa ya kustahimilika. Vijana wakaanza kutania kwamba fundi ametuogopesha bure. Fundi hakuitikia. Alikuwa anatazama ubavu wa kulia, ule uliokaa juu.

Alijua kitu ambacho mimi, mwenye kupima kila ubao kwa futi ya chuma, sikukifikiria. Miaka 11 chombo kilikuwa kimelala ubavu wa kushoto. Upande huo tope liliufunika, ukabaki na unyevu, mbao hazikupasuka. Upande wa kulia ndio ulioangaliana na jua. Siku zetu sita za kunywesha maji zilizifikia mbao za chini. Za juu, upande ule, zilibaki kavu kama kuni. Na tangu alfajiri zilikuwa hazijagusa bahari.

Saa tatu na nusu tuliizunguka ncha ya kisiwa tukageuka kusini. Upepo ulikuwa umeshika nguvu, ukatupiga ubavuni kutoka kushoto. Vijana wakageuza tanga, chombo kikasita, kisha kikalalia kulia.

Maji hayakuvuja. Yalimwagika. Yaliingia kwa mistari mirefu kutoka ubao mmoja hadi mwingine, kana kwamba mtu amefungua pazia. Tulifua watatu, kisha watano. Yalipanda kutoka kwenye fundo la mguu hadi gotini kwa muda ambao sikuweza kuuhesabu. Magunia ya mchanga tuliyokuwa tumepanga kuwa farumi, uzito wa kukituliza chombo, yalianza kulowa na kuteleza upande wa kulia, na kila gunia lililoteleza lilizidi kukilaza chombo.

"Nalegeza demani!" Nahodha alipaza sauti.

"Bado!" fundi alimjibu kutoka chini. Alikuwa amelalia mataruma kifudifudi, anachora upesi upesi. "Nipe kidogo. Nimeuona. Niachie niuone mpaka mwisho."

"Fundi, chombo kinazama."

"Hakizami. Kinasema."

Walikuwa wazee wawili, kila mmoja na haki yake. Nahodha alikuwa na roho saba mkononi. Fundi alijua kwamba hatapata tena nafasi ya kuliona jahazi hili likifungua kila kilichofichika, maana akishaanza kulitengeneza, lile la zamani halipo tena. Nilimtazama nahodha. Alihesabu, midomo ikichezacheza, sijui alihesabu nini, mawimbi au pumzi zake. Kisha akalegeza demani, kamba inayolishika tanga. Tanga likapiga kelele, chombo kikainuka, mistari ya maji ikakatika mmoja mmoja kutoka juu kuja chini. Tulitupa magunia 12 baharini.

Fundi alipanda juu, mweusi wa kaa mpaka kwenye ndevu, akamwendea nahodha. Nilidhani watagombana. Akamshika mkono akaubusu, mkono ule uliolegeza demani. "Umenipa ya kutosha," alimwambia.

Tuliingia Mtangawanda tukatia nanga kungoja maji. Ncha ya ubao mmoja wa kulia ilikuwa imeng'oka kabisa kutoka omoni. Ungeweza kupitisha vidole vitatu. Tulipiga pamba, shahamu, kipande cha turubai, ubao juu yake, misumari mirefu. Mjomba alisogea na boti yake akapendekeza tumalizie njia kwa kuvutwa. Aliuliza kwa upole, na safari hii hata mimi nilitamani fundi akubali. Fundi alitazama omo, akatazama kamba ya mjomba, akarudi kupiga msumari. Hali ya omo ule ilitosha kumjibu.

Saa saba na nusu tuling'oa nanga. Ghuba ya Manda ilikuwa imetulia zaidi, upepo umegeukia nyuma yetu, chombo kimenyooka. Bara, upande wa Kililana, mitambo ya bandari mpya ilisimama juu ya mikoko, mirefu kuliko kitu chochote katika visiwa hivi. Gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Meli itakayotia gati pale ingeweza kupakia majahazi yote ya Amu kwenye sitaha yake. Nahodha aliishika njia ya upande wa Manda, macho mbele.

Mkanda ni mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, mikoko imeubana pande zote, na kwa vizazi vyombo vilikuwa vikingoja maji yajae ndipo vipite. Upepo ulikatika tulipoingia. Tukatua tanga. Vijana wakashika pondo za kusukumia chombo, na katika ule utulivu fundi aliketi kando yangu akaanza kunipa hesabu niliyoitaka wiki nzima.

Mataruma 11 yamekufa. Mbao tisa za kulia, tatu za kushoto. Omo wote. Mkuku mzima, alhamdulillahi. Mkuku ungekuwa umeoza tungezungumza habari za kuunda jahazi jipya na kulipa jina la zamani. Mbambakofi itatafutwa, si rahisi tena, na mbao za mwembe zitatumika juu ambako bahari haifiki. Kazi ngumu ni mataruma. Mlilana uliopinda sawasawa haupatikani kila siku, na kibali cha kuukata hutolewa na wenye mamlaka ya misitu. Mwezi wa Februari 2018 serikali iliposimamisha ukataji katika misitu ya umma, mikoko nayo ikaingia humo, na mafundi walikaa na tezo zao wakitazama bahari. Mwaka huohuo, hapa hapa Amu, wakashua jahazi la plastiki iliyookotwa pwani, ubavu wake ukavikwa ndala 30,000. Niliwahi kuliona lilipopita Mombasa mwaka uliofuata likielekea Unguja. Nilimuuliza fundi analionaje. Alifikiri.

"Kazi nzuri. Waliounda ni mafundi. Lakini plastiki unaipinda wewe. Mlilana umejipinda wenyewe, miaka 20 kabla hujaujua. Wewe unakwenda kuukuta."

Tulikutana na boti ya mizigo iliyokuwa ikielekea Faza. Ilipunguza mwendo ili mawimbi yake yasituyumbishe, na mzee aliyekaa juu ya magunia ya saruji akainuka, akaweka kiganja juu ya macho. Alitazama omo wetu na lile jicho moja. Akaita jina la babu. Hakuuliza, aliita, kama mtu anayemwita mwenzake barabarani. Sikujua nimjibu nini. Nahodha ndiye aliyeinua mkono, akamjibu, "Yupo!"

Matondoni tulifika saa kumi na moja na dakika chache, maji yamejaa pomoni, yanagusa mizizi ya minazi. Habari ilikuwa imetangulia kwa simu. Watu walisimama majini hadi kifuani, kamba ikatupwa, kamba ikapokewa, tukapelekwa mahali ambapo maji yangetuacha juu kabisa ya pwani. Wakaweka magogo kila upande ili chombo kisilale. Nahodha alifungua tanga lake, akalikunja kwa uangalifu, akalibeba begani mwenyewe. Hakuruhusu kijana yeyote alishike. Adhana ya magharibi ikaadhiniwa. Tulikwenda kuswali na nguo zetu zikinuka sifa, na hakuna aliyetusogelea wala aliyelalamika.

Niliporudi pwani kulikuwa giza, mwezi bado haujatoka. Bahari ilikuwa imeanza kupwa. Nilimkuta fundi amekwisha kuchuchumaa chini ya chombo, upande wa nje, na tochi ileile kinywani.

Ngamani mlikuwa na maji bado, mpaka magotini, maana hatukumaliza kuyafua. Sasa bahari imeshuka na yale ya ndani yamebaki juu, yakaanza kutafuta njia ya kutoka. Yalitoka palepale yalipoingilia. Juu ya ubavu mweusi ilianza kujitokeza michirizi, mmoja hapa, watatu kule, mmoja mrefu kutoka kwenye ule ubao wa omo, ukimetameta kwenye mwanga wa tochi. Kila mchirizi ulipoanzia fundi aliweka alama ya kaa kabla maji hayajakwisha. Alikuwa peke yake, na chombo kina futi 42.

Nilivua viatu. Nikaenda kwenye jiko la nyumba ya kwanza niliyoiona, nikabisha hodi, nikamwomba mama aliyekuwa akipika anipe makaa yaliyozimika, yoyote aliyonayo. Akanijazia kopo. Nikaanza na upande wa shetri, yeye akaendelea kutoka omoni, na tulipokutana katikati maji yalikuwa bado yanatoka.